Shingo ya Daktari wa Meno (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia mgongoni. Leo tupande shingoni na mabegani.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa kati ya asilimia 64 na 93 ya wahudumu wa meno huumwa misuli au viungo. Asiyeijua kazi hii hushangaa, maana daktari wa meno habebi magunia. Anachobeba ni kichwa chake mwenyewe, kilo nne hadi tano, kikiwa kimeinama mbele na kupinda upande ili jicho lilifikie gego la juu. Msuli unaokaza na kulegea husukuma damu. Unaokaza tu hubana mishipa yake, na damu hupita kwa shida. Nyoosha mkono ukiwa umeshika ndoo yenye maji kidogo, usiushushe, utaelewa upesi.

Zamani daktari alifanya kazi amesimama. Viti vya kumlaza mgonjwa vilipoenea, kuanzia miaka ya 1960, naye akaketi. Miguu ikapata nafuu, shingo haikupata.

Mkono nao una mambo yake. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken alianzisha njia ya kuziba meno bila umeme: sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu. Njia hiyo imeokoa meno mengi ambayo yangeng'olewa, nami naiheshimu mno. Ila kazi ya mashine hapo huangukia vidole, vinavyobana kijiti chembamba cha chuma kwa nguvu. Neva inayopita kwenye kiganja ikibanwa mara kwa mara, vidole hufa ganzi. Mpini mnene husaidia, na ncha kali husaidia zaidi, kwani kifaa butu hudai nguvu maradufu.

Kwa shingo, dawa ya kwanza haiuzwi: mgonjwa ndiye asogee. Alazwe zaidi, ainue kidevu, ageuze uso. Nadhani wengi wetu hushindwa kwa haya tu. Ni vigumu kumwambia mtu wa umri wa baba yako, "Mzee, samahani, geukia kwangu tena," kwa mara ya nne. Basi tunajipinda sisi.

Miwani ya kukuza nayo husaidia, mradi imepimwa kwa umbali wa mhusika. Ya kuazima humlazimisha kuinama zaidi ya alivyokuwa akiinama bila miwani. Habari ya viti vya daktari tutaichukua juma lijalo.