VOLANI IMEPINDA, GARI INAENDA SAWA: KOSA LIKO WAPI?

Wengi wenu mliona gari ya masomo ikisimama siku tatu chini ya mti wa avoka, pua juu ya mbao, bila mguu mmoja wa mbele. Wengine walicheka: "Gari imetoka garaji juzi, leo iko mgonjwa tena!" Ni kweli. Lakini sisi wa kundi la ufundi tulipata pale somo kubwa, na tunataka kuwagawia ninyi pia, kusudi siku moja mkiwa na gari mikononi msipotee.

Jambo lilianza hivi. Rotile za direksio zilikuwa zimechoka. Katika garaji moja ya mjini wakaondoa za zamani, wakafunga mpya. Gari ikarudi: njiani inaenda sawa, lakini volani imelala upande, robo ya duara nzima. Mtu mmoja akasema, "Hiyo si kitu." Akafungua ekru ya volani, akaitoa, akairudisha ikiwa wima. Kwa macho, kazi imekwisha. Kumbe ndipo ugonjwa ulipoanza. Kona za kushoto gari ilikataa kupinda vizuri, shofere lazima arudi nyuma mara mbili. Tena volani ikawa na mchezo: unaizungusha kidogo, magurudumu hayasikii. Na siku ya posho gari ilipaswa kushuka mlima wa Ngomo, kuelekea Uvira, na wanafunzi kumi ndani. Wale wanaojua kona za Ngomo hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Mwalimu wetu alikataa gari itoke. Akatuambia: "Mbele ya kukaza kitu chochote, tujue kwanza kila kipande kinafanya kazi gani."

VIPANDE NA KAZI ZAO

Rotile ni kama bega la mtu: kichwa cha mviringo kinazunguka ndani ya shimo lake. Kwa njia hiyo bare inaweza kusukuma gurudumu hata kama gurudumu linapanda na kushuka juu ya mawe.

Gari yetu ni ya namna ya zamani, yenye ekseli moja nzima mbele. Iko na bare mbili. Bare kubwa inaunganisha gurudumu la kushoto na la kuume. Urefu wake ndio unaamua kama magurudumu yanatazama mbele pamoja. Hiyo tunaita paralelismu. Bare ya pili, bielete, inatoka kwa mkono wa boati ya direksio mpaka kwa gurudumu. Urefu wake ndio unaamua volani itasimama namna gani wakati gari inaenda sawa.

Sasa mnaona kosa la kwanza. Rotile inafungwa kwa uzi kama visi. Ukiondoa ya zamani bila kupima, na mpya ukaiingiza zamu chache zaidi au pungufu, bare imebadili urefu. Dawa yake ni nyepesi: mbele ya kufungua, pima urefu kutoka katikati ya rotile moja mpaka katikati ya nyingine, andika, na uhesabu zamu unapoitoa. Dakika tano tu.

KWA NINI USIGEUZE VOLANI

Ndani ya boati ya direksio, meno yametengenezwa kusudi yabane katikati tu, pahali gari inapoenda sawa. Ukienda pembeni, yanalegea kidogo. Basi mtu akiweka volani wima bila kuangalia boati, gari itatembea siku zote juu ya sehemu iliyolegea. Ndiyo sababu ya ule mchezo.

Na hapa kuna hatari kubwa. Mtu asiyejua atasema, "Boati imelegea, tukaze visi yake." Akikaza pale pembeni, siku volani itakapopita katikati, meno yatabana kupita kiasi, na direksio inaweza kuwa nzito au kukwama katikati ya kona. Tunashukuru hakuna aliyegusa ile visi.

TULIVYOTAFUTA

Ya kwanza, mambo mepesi. Tulipima upepo wa pine zote mbili za mbele: pine yenye upepo kidogo inavuta gari upande wake. Kama gari inavuta, badilisha pine za mbele, ya kushoto kulia: uvutano ukihama, kosa ni la pine. Nyuma ya safari, gusa karibu na kila gurudumu kwa uangalifu: moja likiwa la moto sana kuliko lingine, angalia freni. Yetu haikuvuta. Kumbukeni tofauti hii: gari inayovuta na volani iliyopinda ni magonjwa mawili.

Ya pili, katikati ya boati. Tulifungua bielete, tukazungusha volani polepole mpaka mwisho wa kila upande, bila kugonga. Kutoka wima ilienda kuume zamu 2 na robo, kushoto zamu 1 na robo tatu. Jumla 4. Kwa hiyo katikati ya kweli ni zamu 2, na sisi tulikuwa tumekosa kwa robo. Ile robo ndiyo aliyoificha yule aliyegeuza volani! Tukaitoa tena, tukairudisha wima juu ya katikati ya kweli.

Ya tatu, paralelismu. Gari ikiwa chini, pahali pa usawa, tulichora alama ya chaki mbele ya kila pine, kwa kimo cha ekseli, tukapima toka alama mpaka alama. Tukasukuma gari mpaka alama zikafika nyuma kwa kimo kile kile, tukapima tena. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo paralelismu. Kitabu cha gari ndicho hakimu, lakini mara nyingi ni milimeta chache tu. Yetu ilikuwa milimeta 10 kupita iliyoandikwa.

Wanafunzi wa hesabu, sikieni. Pine yetu ina upana wa milimeta 750 toka mbele mpaka nyuma. Kosa la 10 linagawanyika kwa magurudumu mawili, kila moja 5. Na 5 kwa 750 ni 1 kwa 150. Maana yake katika safari ya kilometa 150, ni kama kila pine imeburutwa kilometa 1 nzima kwa upande! Ndiyo sababu pine inakula kingo moja: ya nje kama magurudumu yanatazamana mno, ya ndani kama yanaachana.

KUTENGENEZA

Fuateni utaratibu huu: paralelismu kwanza, volani mwisho. Ukianza na volani, ukigusa bare kubwa nyuma yake, volani itapinda tena.

Bare kubwa iko na uzi wa kuume upande mmoja na wa kushoto upande mwingine. Legeza vibano vyake, izungushe, itarefuka au kufupika bila kutoa rotile. Pima, zungusha, pima tena. Nyuma yake tulirudisha bielete, volani ikiwa wima na magurudumu yakitazama mbele. Tukajaribu uwanjani. Ilibaki imepinda kidogo. Tukazungusha bielete nusu zamu, tukajaribu tena, mpaka ikakaa.

Mwisho, usalama. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na krike peke yake. Kila ekru ya rotile lazima ikazwe na kupigwa gupiye mpya. Tundu lisipolingana, kaza mbele mpaka tundu linalofuata; usirudishe nyuma hata kidogo. Rotile ikitoka njiani, volani inazunguka mikononi na gurudumu linakwenda linapotaka.

Siku ya posho gari ilishuka Ngomo. Shofere aliporudi tulimuuliza, "Baba, volani namna gani?" Akajibu, "Sikuiwaza hata mara moja." Kwetu sifa hiyo ilitosha. Anayetaka kuona alama za chaki, aje: bado ziko juu ya pine.