Saa Kuukuu na Chumvi ya Pwani

Mtu wa Malindi anayeletewa na dalali saa ya fahari iliyokwisha kuvaliwa miaka thelathini au arobaini, yenye mikwaruzo ubavuni na cheni iliyolegea, kwa desturi huanza kuuliza kama ni halisi au ya bandia, na swali hilo ni la haki. Lakini liko swali la pili, ambalo katika mwambao huu huamua thamani ya saa kuliko jina lililoandikwa usoni mwake, nalo ni hili: bahari imekwisha kuingia ndani yake, au bado?

Saa za namna hii si ngeni kwetu. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoanza kurusha setilaiti kutoka majukwaa yao yaliyosimama baharini Ngomeni, mji wa Malindi umezoea wageni wanaohamia na mali zao, na wako jamaa zetu walioko Maskati ambao nao hurudi na vya kwao.

Mikwaruzo ndiyo inayotisha macho, na ndiyo yenye madhara haba. Mto Sabaki hushusha kutoka bara mchanga wa mawe ya kale, ambao ndani yake mna chembe nyingi za kwatsi. Na kwatsi, katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, ina daraja ya 7, ambayo feleji ya saa haiifikii. Kwa hiyo mchanga wa Malindi huikata feleji. Shuka kusini kidogo mpaka Watamu, utakuta mchanga mweupe ambao sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, wenye daraja ya 3 au kuzidi kidogo, usioweza kuikwaruza. Hata saa mbili za umri mmoja, moja ya mvuvi wa hapa na nyingine ya mzamiaji wa kule, zaweza kuwa na sura mbalimbali kabisa. Kioo cha johari ya kiwandani, ambacho daraja yake ni 9, hakiogopi mchanga wa pande zote mbili. Cheni ndiyo huteseka, kwani chembe za kwatsi zikichanganyika na jasho huingia katika maungio na kuvisaga vijiti vyake. Ishike saa kwa ubavu, na cheni iliyolika itaning'inia kwa kupinda badala ya kunyoka.

Muuzaji, akijua kuwa mikwaruzo huchukiza, huipeleka saa ikang'arishwe. Kung'arisha hakurudishi feleji iliyoondoka, bali huondoa nyingine mpaka kuufikia usawa wa chini wa mkwaruzo, na kasha lililotendewa hivyo mara kwa mara hupoteza makali ya kingo zake. Mimi, nikihiarishwa kati ya saa yenye mikwaruzo na saa ing'aayo kuliko umri wake, nitaichukua ya kwanza bila ya kusita.

Madhara yenyewe yamejificha nyuma ya kifuniko. Feleji isiyoshika kutu hailindwi na ugumu wake, bali na utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache tu, ambao kila ukwaruzwapo hujiponya, maadamu oksijeni ipo. Sasa fikiri maji ya chumvi yaliyonaswa katika upenyo mwembamba kati ya kifuniko na kasha: oksijeni iliyomo huisha na nyingine haifiki, utando hushindwa kujiponya, kloridi hukusanyika, maji hugeuka makali kama asidi, na feleji huanza kuchimbika vishimo vidogo ambavyo kwa nje havionekani hata kidogo. Wala si lazima mtu awe ameogelea nayo. Jasho na rasharasha ya upepo wa kusi vyatosha, na kwa wakazi wa Gongoni, penye mashamba ya chumvi, hewa yenyewe haikosi chumvi.

Rolex walipotoa kasha lao la Oyster mwaka 1926, lililokazwa kwa parafujo, walimwengu walistaajabu; lakini kizuizi cha maji katika saa za leo ni mpira mwembamba, na mpira huzeeka, hukauka na kupasuka hata saa ikikaa sandukuni. Vishimo vikiuchimba mdomo unaokaliwa na mpira, hata mpira mpya hauzibi. Kwa hiyo yale maandishi ya kuhimili mita 100 yachukuliwe kuwa ni habari za siku saa ilipotoka kiwandani. Liko jaribio jepesi: ipashe saa joto la kadiri ya digrii arobaini, weka tone la maji baridi juu ya kioo, kisha lipanguse baada ya dakika moja, ukungu ukionekana upande wa ndani, mna unyevu.

Mashine yenyewe haitaki maneno mengi. Saa nyingi za kamani za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde, na programu za simu huweza kuyasikiliza mapigo hayo. Ikichelewa sekunde ishirini kwa siku, huenda mafuta yamekauka tu. Ikikimbia dakika kadhaa kwa ghafula, shuku sumaku, ambayo dawa yake ni rahisi.

Usiku nao una ushahidi wake. Tritiamu iliyopakwa kwenye akrabu hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka 12.3, hivyo saa ya mwaka 1985 haitazamiwi kung'aa sana kizani kwa mwanga wa tritiamu. Ikiwaka kwa nguvu, shuku kuwa imepakwa rangi mpya. Tahadhari hiyo izidi kwa saa zenye jambia la Oman usoni, mfano wa zile Sultani Qaboos, aliyetawazwa mwaka 1970, alizokuwa akitunukia watu, kwani alama hiyo huipandisha bei mno, na kuichapa juu ya uso wa kawaida si kazi ngumu kwa mlaghai.

Gharama kamili ya saa, basi, ni bei ya dalali pamoja na ya fundi atakayeifungua saa, kuisafisha, kuitia mafuta na kubadilisha mipira, na hiyo ya fundi hutolewa katika bei ya dalali kabla ya mapatano, si baada yake. Muuzaji akikataa saa isifunguliwe mbele ya mnunuzi, ihesabiwe kuwa imekwisha kuingia maji, na itajiwe bei ya saa iliyoingia maji. Akiikataa bei hiyo, aachiwe saa yake.