Kuunda Droni ya Chini ya Maji: Maji Yazuiwe Wapi, Yakaribishwe Wapi?

Tarehe 7 Aprili 1966, wanamaji wa Marekani waliokuwa katika pwani ya Palomares, Hispania, walivuta kutoka vilindini bomu la haidrojeni lililozama baada ya ndege mbili za kijeshi kugongana angani mwezi Januari. Bomu hilo lilikuwa limelala katika kina cha zaidi ya mita 800, mahali ambapo mzamiaji wa wakati ule asingeweza kufika na kurudi akiwa hai. Kazi ilifanywa na chombo kilichoitwa CURV, kiunzi chenye mota, taa, kamera na mkono mmoja wa kushikia, kikiongozwa kwa waya kutoka melini. Hata hivyo mambo hayakwenda kama yalivyopangwa: chombo kilinaswa katika mwavuli wa bomu, na mabaharia wakalazimika kuvivuta vyote viwili pamoja.

Siku zile chombo cha namna hiyo kilikuwa mbali na uwezo wa fundi wa kawaida. Leo mabomba ya plastiki ya kupitishia maji majumbani, mota ndogo za volti 12 zinazotumika kutoa maji katika mashua, kamera za bei nafuu na kompyuta zinazotosha kiganjani zimewawezesha wanafunzi na mafundi kuunda droni za chini ya maji kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka 2004, katika mashindano yaliyofanyika Santa Barbara, California, wanafunzi wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden ya mjini Phoenix, Arizona, wakisimamiwa na walimu wao Allan Cameron na Fredi Lajvardi, walileta chombo cha mabomba ya plastiki ambacho wenyewe walikiita Stinky, yaani kinukacho, kwa sababu ya harufu ya gundi iliyounganisha mabomba hayo. Phoenix ni mji wa jangwani, na bahari iko mbali. Walishindana na wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwamo wale wa chuo mashuhuri cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, wakashika nafasi ya kwanza. MIT ilikuwa ya pili.

Lakini kabla ya ushindi huo, walipokijaribu chombo bwawani, waligundua kwamba sanduku lililohifadhi vifaa vya umeme lilikuwa likivuja. Mmoja wao akapendekeza kitu cha kufyonza maji. Wakanunua dukani tamponi, yaani visodo ambavyo wanawake huviingiza mwilini wakati wa hedhi, wakavipanga ndani ya sanduku. Vikafyonza kile kidogo kilichopenya, na vifaa vikasalimika. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna sehemu kubwa ya elimu ya vyombo hivi. Maji hutafuta njia, na muundaji hana budi kuamua mapema ni wapi atayazuia kwa kila hali na ni wapi atayaacha yapite.

Nyumba moja kavu

Kila mita 10 za kina huongeza takriban kilo moja ya mkandamizo juu ya kila sentimita mraba. Tuseme nyumba ya vifaa vya umeme ina kifuniko cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 10, kiasi cha kisahani kidogo cha kikombe. Eneo lake ni sentimita mraba 78 na ushei. Katika kina cha mita 30 kifuniko hicho kitabeba takriban kilo 235, uzito unaozidi magunia mawili ya mahindi. Kwa sababu hii fundi mwenye busara hafungi chombo kizima kiwe kikavu kama nyambizi. Huchagua nyumba moja ndogo ya mviringo, kwa kuwa umbo la bomba hustahimili mkandamizo kuliko sanduku lenye pande bapa, na humo huweka kamera na kompyuta peke yake.

Watu wengi hudhani kuwa kifuniko ndicho kitakachovuja. Kwa kawaida sivyo. Pete ya mpira ambayo mafundi huiita oringi, ikipakwa grisi kidogo na kuketi katika mfereji safi, hubanwa zaidi kadiri maji yanavyoisukuma. Kinachoihasidi ni chembe ya mchanga au unywele mmoja uliosahauliwa juu yake. Mlango hatari zaidi ni ule wa nyaya. Waya wa kawaida una nyuzi nyingi nyembamba za shaba, na baina ya nyuzi hizo mna vijia vya hewa. Ganda la waya likipasuka mahali popote nje, maji husafiri ndani ya ganda lenyewe, yakapita katikati ya gundi iliyozibwa kwa uangalifu, yakatokea upande wa pili. Dawa yake ni kumenya ganda mahali waya unapopita ukutani, kulehemu nyuzi za shaba ziwe kitu kimoja kigumu, kisha kumimina gundi ya epoksi iishike shaba yenyewe. Kazi hii huchosha na haionekani kwa nje, lakini mimi ningeitengea muda mwingi kuliko kazi nyingine yoyote.

Sehemu nyingine zote maji na yaingie. Mabomba ya kiunzi hutobolewa matundu ili yajae yenyewe; bomba lililojaa maji halina cha kukandamizwa. Hata mota huweza kuloweshwa. Mota zisizo na brashi hazina mahali ambapo umeme huruka kutoka chuma hadi chuma. Koili zake zikipakwa vanishi vizuri, huzunguka majini bila madhara, na maji huzipoza. Maji ya chumvi hula beringi zake, lakini beringi hubadilishwa. Kwa mota ndogo zenye brashi, wanafunzi wa mradi wa SeaPerch huko Marekani hutumia njia ya kale: huiweka mota ndani ya kikopo na kuijaza nta pande zote, ili pasibaki nafasi ya maji kukaa.

Kuelea bila kuelea

Chombo kizuri kikiachwa katikati ya maji hakipandi upesi wala hakishuki. Kanuni ni ile ya Archimedes: chombo husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa mahali pake. Chombo kinachoondoa lita 10 za maji baridi hubebwa kilo 10. Baharini, ambako lita moja huwa na uzito wa takriban kilo 1.025, chombo hicho hicho hubebwa kilo 10 na gramu 250. Basi droni iliyosawazishwa katika Ziwa Victoria itagoma kuzama Tanga mpaka iongezewe farumi ya robo kilo. Wavuvi wanazo chubwi za risasi zifaazo sana kwa kazi hii. Chubwi hufungwa chini na maboya juu, na chombo hakitapinduka ovyo. Ila boya la sponji laini halifai: likishuka hukandamizwa, likikandamizwa hubeba kidogo, na chombo huzidi kushuka. Boya gumu ni bora hata kama ni zito zaidi.

Waya na umeme

Droni ya angani huongozwa kwa mawimbi ya redio. Baharini mawimbi yanayotumiwa na vifaa hivyo hufifia katika sentimita chache, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme na kuyameza. Sauti husafiri vizuri, kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, lakini haiwezi kubeba picha nyingi kwa haraka. Ndiyo maana droni nyingi za mafundi hubaki zimefungwa waya.

Waya huo una gharama yake. Tuchukue waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba moja, na droni iliyo umbali wa mita 30. Umeme huenda na kurudi mita 60, na ukinzani wake hufika takriban omu moja. Mota zikivuta ampea 5, volti 5 hupotea njiani. Betri ya volti 12 iliyoko mashuani itafika chini ikiwa na volti 7 tu. Waya mnene ungepunguza hasara, lakini ungekuwa mzito na mkondo ungeuburuta pamoja na chombo. Waundaji wa OpenROV, mradi ulioanzishwa California na Eric Stackpole na David Lang kwa nia ya kuchunguza pango lililojaa maji, waliziweka betri ndani ya chombo chenyewe, ukabaki uzi mwembamba wa nyaya mbili zilizosokotwa kwa ajili ya amri na picha.

Hapa lazima tuonye. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usikaribie kabisa kazi hii, hata kwa majaribio ya dakika moja. Aliye majini huweza kufa. Betri zenyewe ziwe na fyuzi karibu na ncha yake, na betri ya lithi iliyoingiwa na maji ya chumvi isirudishwe ndani ya nyumba wala isichajiwe.

Kabla ya safari ya kwanza, nyumba kavu ifungwe ikiwa tupu. Hewa hunyonywa kwa pampu ndogo ya mkono. Kipimo kikikaa bila kusogea kwa robo saa, nyumba huwekwa karatasi kavu ndani yake, hufungiwa jiwe, huteremshwa kwa kamba hadi kina kinachokusudiwa, huachwa saa nzima, kisha hupandishwa na kukaushwa nje kabla ya kufunguliwa. Karatasi ikiwa na doa, kompyuta ibaki mezani.