Gharama ya Hatifungani za Mamlaka za Mitaa kwa Mlipakodi: Umbo la Deni na Mwenye Kulibeba

Ikisiri

Mamlaka za mitaa katika Afrika Mashariki zimeanza kutazama soko la mitaji kama chanzo cha fedha za miradi. Makala haya yanafafanua namna gharama ya hatifungani inavyopaswa kupimwa kwa upande wa mlipaji. Hoja inayotetewa ni kwamba kiwango cha riba, ambacho ndicho hutangazwa, hakimwambii mlipakodi atalipa nini hadi ijulikane ratiba ya kurejesha mtaji na atakayewajibika mradi ukikwama. Mifano imetolewa Tanga nchini Tanzania na Poway katika jimbo la California, Marekani.

1. Utangulizi

Mnamo Februari 2024, Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA) ilizindua hatifungani ya kijani yenye thamani ya Sh. bilioni 53.12, ya muda wa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walijitokeza na Sh. bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya lengo, na Mei mwaka huohuo hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mkopaji hapa si halmashauri bali ni mamlaka ya umma ya maji. Hata hivyo, mradi ni wa huduma ya mtaa, na walipaji ni wakazi wa Tanga na miji jirani. Ndiyo maana kisa hiki kimechukuliwa na wengi kuwa kielelezo cha njia ambayo majiji na manispaa zitaifuata.

Mazungumzo mengi juu ya kisa hiki yamejikita katika mafanikio ya mauzo. Hilo linaeleweka, kwani kulishawishi soko kuinunua karatasi ya mamlaka ya maji ni kazi. Lakini mauzo yaliyopita lengo ni habari njema kwa mwuzaji. Kwa anayelipa ankara ya maji au kodi ya majengo, swali ndio kwanza linaanza: shilingi ngapi zitatoka mfukoni mwake, lini, na kwa masharti gani?

2. Riba moja, bei nne

Tuchukue mkopo wa kufikirika wa Sh. bilioni 10, kwa riba na muda uleule wa Tanga: asilimia 13.5 kwa mwaka, miaka 10, malipo kila miezi 6. Namba hizi ni za kueleza kanuni tu. Hazielezi ratiba halisi ya Tanga UWASA.

Iwapo mkopaji atapunguza mtaji kwa mafungu 20 yaliyo sawa, huku riba ikitozwa kwa kiasi kilichobaki, jumla ya malipo itakuwa Sh. bilioni 17.1. Akilipa kiasi kilekile kila nusu mwaka, kikiwa na riba na sehemu ya mtaji ndani yake, jumla itafika Sh. bilioni 18.5. Akilipa riba tu kwa miaka 10 na kuurejesha mtaji wote kwa mkupuo siku ya mwisho, itakuwa Sh. bilioni 23.5. Na asipolipa chochote hadi mwisho, riba ikiwa inazaa riba juu yake, atadaiwa Sh. bilioni 36.9.

Mikopo yote hiyo minne ingetangazwa gazetini kwa maneno yaleyale: hatifungani ya miaka 10, riba asilimia 13.5. Tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho ni karibu Sh. bilioni 20, mara mbili ya fedha zilizokopwa. Diwani anayeombwa kuidhinisha mkopo kwa kuonyeshwa asilimia peke yake anaidhinisha asichokijua.

Umbo la mkupuo ndilo linalopendwa zaidi na watoaji, na sababu zake si za siri. Hupunguza mzigo wa miaka ya mwanzo, wakati mradi bado haujaanza kuingiza mapato. Hiyo ni sababu halali. Sababu nyingine ni kwamba siku ya mkupuo humkuta meya mwingine ofisini.

3. Poway: deni lililoahirishwa hadi mwaka 2051

Mfano mashuhuri wa umbo la nne ni wa wilaya ya elimu ya Poway, karibu na San Diego, California. Mwaka 2008 wapigakura wake waliidhinisha mkopo wa kukamilisha ukarabati wa shule, wakiwa wameahidiwa kwamba kiwango cha kodi ya majengo hakitapandishwa. Kisha thamani ya majengo ikashuka kufuatia msukosuko wa fedha, na kwa kiwango kilekile cha kodi mapato hayakutosha kuhudumia hatifungani za kawaida. Uongozi ukaamua kutimiza ahadi kwa njia nyingine. Mwaka 2011 wilaya ilikopa takriban Dola za Marekani milioni 105 kwa hatifungani za riba limbikizi, ambazo hazikudai malipo yoyote kwa takriban miaka 20. Malipo yataendelea hadi mwaka 2051, na jumla yake ni karibu Dola milioni 981. Zaidi ya hayo, masharti hayakumruhusu mkopaji kulipa mapema ili kuukata mnyororo wa riba.

Wananchi kwa jumla waliitambua gharama hiyo mwaka 2012, baada ya waandishi kuifanyia hesabu nyaraka ambazo tangu awali zilikuwa za wazi. Ikumbukwe kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa mahali fulani. Kilichokosekana ni mtu wa kujumlisha na kusema. Mwaka 2013 California ilitunga sheria iliyoweka mipaka: hatifungani za aina hiyo zisizidi miaka 25, jumla ya malipo isizidi mara 4 ya fedha zilizokopwa, na zile za zaidi ya miaka 10 ziruhusu kulipwa mapema. Jimbo la Michigan lilikuwa limezipiga marufuku tangu mwaka 1994.

Kwa mshauri wa sera wa kanda yetu, kuna tahadhari katika kuinakili sheria hiyo. Kikomo cha mara 4 kilipimwa kwa uchumi wa riba ndogo. Kwa asilimia 13.5, deni linalolimbikizwa hufikia mara 4 katika muda wa miaka 10 na nusu hivi. Ukomo unaoonekana mkali California ungeruhusu hapa karibu kila kitu ambacho soko letu linaweza kuuza.

4. Pingamizi la thamani ya sasa

Mtaalamu wa fedha atasema hesabu ya sehemu ya pili inapotosha, kwani shilingi ya mwaka 2034 si sawa na shilingi ya leo. Ukipunguza malipo yote kwa asilimia 13.5, maumbo yote manne yana thamani ya sasa ileile: Sh. bilioni 10. Pingamizi hili ni la kweli kihesabu, na wanaojumlisha namba bila kulijali hujiwekea mtego.

Hata hivyo, halimalizi mjadala. Asilimia 13.5 ni bei ya mwekezaji. Kinachoula mzigo wa deni kwa upande wa mlipaji ni mfumuko wa bei pamoja na ukuaji wa mapato ya mamlaka yenyewe. Mfumuko wa bei Tanzania katika miaka ya 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Tukichukua asilimia 3, mkopo wa mkupuo wa mfano wetu unagharimu takriban Sh. bilioni 19 kwa shilingi za leo, na ule wa riba limbikizi Sh. bilioni 27.5. Kwa hiyo riba halisi inazidi asilimia 10, kiwango ambacho mapato ya halmashauri nyingi hayawezi kukifuata kwa kukua miaka 10 mfululizo. Pale mapato yanapokua polepole kuliko riba, kila mwaka wa kuahirisha mtaji huongeza sehemu ya bajeti ambayo deni litaimeza baadaye.

Wala haifai kusahau gharama ya kutokopa. Bomba linalotumika miaka 40 hakuna haki ya kulilipia kwa kodi ya kizazi kimoja, na mji unaosubiri ruzuku miaka 15 hulipa kwa njia nyingine: ndoo za kununua, muda wa akina mama na watoto foleni kisimani, kipindupindu. Mikopo nafuu ya nje nayo ina riba ndogo lakini hulipwa kwa fedha za kigeni, na shilingi inaposhuka unafuu huyeyuka. Hatifungani ya shilingi inamwepusha mlipaji na hatari hiyo. Ndiyo sifa yake kubwa, na haitajwi inavyostahili.

5. Nani hasa hulipa?

Hatifungani ya Tanga ni ya mapato: hulipwa kutokana na mauzo ya maji, wala haidai kodi ya jumla. Kwa mkazi ambaye ni mteja tofauti hiyo ni finyu, kwa kuwa hawezi kuhama bomba kama anavyohama duka. Bei ya maji hudhibitiwa na EWURA, na deni ni mojawapo ya gharama ambazo mapato ya mamlaka hayana budi kuzifidia.

Mtaji wote ukiwa bado haujapunguzwa, riba ya mwaka mmoja kwa Sh. bilioni 53.12 ni takriban Sh. bilioni 7.17. Mradi ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku, yaani nyongeza ya mita za ujazo milioni 5.5 hivi kwa mwaka. Ukiigawa riba kwa maji hayo mapya unapata karibu Sh. 1,310 kwa kila mita ya ujazo, kabla ya umeme, dawa, mishahara na mtaji wenyewe. Mgawanyo huu ni wa kukadiria, kwa sababu fedha hizo zilikusudiwa pia mtandao wa usambazaji na dira, na deni litabebwa na wateja wote, wa zamani na wapya. Lakini unaonyesha jambo ambalo asilimia haionyeshi. Iwapo asilimia 30 ya maji hayo mapya ingepotea njiani kwa kuvuja au kwa dira zisizosoma, riba ileile ingegawanywa kwa maji machache zaidi na kufika Sh. 1,870 hivi. Fundi anayeziba bomba lililopasuka ana mchango katika gharama ya hatifungani ambao mshauri wa fedha hawezi kuuleta.

Yuko pia mlipaji asiyeonekana. Marekani imesamehe kodi ya mapato ya serikali kuu kwa riba ya hatifungani za mitaa tangu sheria ya kodi hiyo ya mwaka 1913. Hivyo mji hupata riba ndogo, na pengo hujazwa na walipakodi wa nchi nzima. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, iliondoa kodi ya zuio kwa riba ya hatifungani za kampuni na za manispaa. Msamaha huo unaweza kuwa na manufaa, ila ni ruzuku, na ruzuku isiyopita katika kitabu cha bajeti haina mwaka inapojadiliwa upya.

Kenya ilichukua njia ya wazi zaidi. Ibara ya 212 ya Katiba ya mwaka 2010 inairuhusu serikali ya kaunti kukopa endapo tu serikali ya kitaifa itaudhamini mkopo huo na bunge la kaunti litauidhinisha. Ulinzi huo una bei. Dhamana ya taifa hushusha riba kwa sababu inamweka mlipakodi wa kaunti nyingine nyuma ya deni ambalo hakulipigia kura. Aidha, mwekezaji aliyedhaminiwa hana haraka ya kuchunguza kama kaunti inakusanya mapato yake, na hivyo soko hupoteza kazi ambayo watetezi wake huisifia zaidi, ile ya kumnidhamisha mkopaji.

6. Nini kiandikwe kabla ya kura

Waraka wa matarajio huandikwa kwa ajili ya mwekezaji, na wasimamizi wa masoko ya mitaji huukagua kwa jicho la kumlinda yeye. Hakuna waraka unaolingana nao kwa mlipaji. Pendekezo letu ni kwamba idhini ya waziri, bunge la kaunti au baraza la madiwani isitolewe hadi liwepo jedwali la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, likionyesha malipo ya kila mwaka hadi deni liishe, kwa shilingi za mwaka husika na kwa shilingi za leo. Sehemu ya mapato ya ndani itakayochukuliwa katika mwaka mzito kuliko yote. Na jumla ya ada za washauri, mawakala na wadhamini, ambazo mara nyingi hukatwa kabla fedha hazijaufikia mradi. Jedwali litaje mwaka ambao mkopaji ataruhusiwa kulipa mapema. Umri wa mradi uandikwe kando ya umri wa deni, ili dira za maji zenye maisha mafupi zisifadhiliwe kwa mkopo mrefu kuliko zenyewe.

Penye malipo ya mkupuo, mfuko maalumu wa kukusanyia mtaji uanze kujazwa mara mradi unapoanza kuingiza fedha, na salio lake litangazwe kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kwa hatifungani za mapato, jedwali hilo lipelekwe pia kwa mdhibiti wa bei kabla ya mauzo. Mdhibiti anayelipokea baada ya deni kusainiwa hana alichobakiziwa isipokuwa kupandisha bei au kuiacha mamlaka ishindwe kulipa.