Vyombo Vitupu Vyaweza Kufaa, Tena Vyaweza Kudhuru

Katika mtaa wa Eastleigh, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, si rahisi kuikuta nyumba isiyo na mtungi wa plastiki wa rangi ya manjano. Mtungi huo ulinunuliwa kwanza ukiwa na lita 20 za mafuta ya kupikia. Mafuta yalikwisha zamani, lakini mtungi haukutupwa. Huteka maji, huwekwa jikoni penye kivuli, na siku ya kuhama huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupakiwa mkokoteni. Watanzania huuita dumu. Pamoja nao hukaa mikebe ya Kimbo na Kasuku, chupa za maji, ndoo za rangi ya nyumba, na viroba vya mchele. Mzazi atokaye alfajiri kwenda dukani au kiwandani, na kurudi jioni kupika na kuosha nguo za watoto, hana nafasi ya kununua chombo kipya kwa kila haja. Hutumia kilichopo, wala hakosei.

Desturi hii si ya jana. Wazee wa Nairobi walikuwa na debe. Zamani mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya bati ya galoni 4, yaani lita 18 na kidogo, mawili mawili katika sanduku la mbao. Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi. Mafuta yalipokwisha, debe lilitiwa kipini cha mti na kuwa ndoo. Lilipotoboka, lilikatwa na kunyooshwa kwa nyundo likawa bati la kuezekea. Nyumba nyingi za Pumwani, jirani ya Eastleigh, ziliezekwa hivyo tangu miaka ya 1920. Wafanyabiashara nao walilifanya debe kuwa kipimo cha mahindi na viazi, na baadaye wanasiasa wakalichukua jina lake, hata leo Mkenya akisema kwamba mtu amekwenda debeni, maana yake ni uchaguzi. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 nao ukapata cheo chake, ukaitwa gorogoro, na mahindi na maharagwe hupimwa kwao sokoni. Mnunuzi mwerevu huutazama kitako kwanza, asije akauziwa kwa mkebe uliobonyezwa kuelekea ndani.

Mtungi wenyewe una historia ya vita. Wajerumani waliubuni wa chuma kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1939, ili kuchukulia petroli. Waingereza katika jangwa la Afrika ya Kaskazini walikuwa wakitumia madebe mepesi ya galoni 4, nayo yalivuja vibaya sana. Walipoiteka mitungi ya adui waliona ubora wake, wakaiiga, na jina la utani walilowaita Wajerumani likabaki katika jina la mtungi huo kwa Kiingereza hata leo. Plastiki ilikuja baadaye na kuufanya mwepesi, hata mtoto aweza kuubeba ukiwa mtupu.

Maji ya Kunywa

Haja kubwa ya mtungi katika Eastleigh ni maji. Hapana mtu mzima wa Nairobi asiyejua shida ya mifereji mikavu. Lakini mgao uliokumbukwa zaidi na wakazi wa sasa ni ule ulioanza Januari 2017, maji yalipopungua katika bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo ghala kubwa la maji ya mji. Kila mtaa ulipewa siku zake. Nyumba isiyo na vyombo vya kutosha ilimtegemea mchuuzi wa mkokoteni na bei yake. Mwaka huo huo ugonjwa wa kipindupindu uliingia Nairobi, na hapo ndipo hali ya chombo inapokuwa jambo la uhai.

Maji yaliyo safi mferejini yaweza kuharibika nyumbani. Mara nyingi huharibiwa na mkono: mtoto hutia kikombe ndani ya ndoo iliyo wazi, na vidole vyake pamoja nacho. Mtungi wenye shingo nyembamba na kizibo huzuia mkono usiingie, na kwa hiyo wafaa kuliko ndoo. Lakini shingo hiyo hiyo huzuia pia mkono wa mwoshaji. Ndani ya mtungi usiooshwa hujengeka utando wenye kuteleza, ambao ndio makao ya vijidudu, na kuusuuza kwa maji matupu hakuutoi. Njia nzuri ni kutia konzi ya kokoto ndogo safi, sabuni, na maji kidogo. Kufunga kizibo, na kuutikisa mtungi kwa nguvu huku na huku mpaka kokoto zimesugua pande zote na pembe zote. Kisha usuuzwe mara mbili tatu, uinamishwe ukauke. Kizibo nacho huoshwa, jambo linalosahauliwa na wengi. Kazi hii haizidi dakika chache, na mtoto wa miaka kumi huifanya kwa furaha kwa sababu ya kelele zake. Yafaa ifanywe kila juma. Dawa ya kutakasa maji, ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake, hufanya kazi vizuri zaidi katika mtungi safi kuliko katika mtungi mchafu, maana uchafu huimaliza nguvu.

Jua kali huifanya plastiki kuwa kavu na kuvunjika upesi. Kwa sababu hiyo mtungi wa maji ya kunywa haufai kuachwa juu ya paa wala nje ya roshani.

Maziwa ya Ngamia

Eastleigh ina biashara moja inayoonyesha jambo hili wazi kuliko nyingine zote, nayo ni biashara ya maziwa ya ngamia. Maziwa hayo hutoka Isiolo, safari ya kilometa 270 hivi, na huletwa kwa mabasi. Wenye biashara hii kwa wingi ni akina mama, na baadhi yao, kama wale wa chama cha ushirika cha Anolei huko Isiolo, wameifanya kuwa riziki ya jamaa nyingi. Katika nchi ya wafugaji maziwa yaliwekwa katika vyombo vya mti au vya nyuzi zilizosukwa, na vyombo hivyo vilifukizwa kwa moshi wa miti iliyochaguliwa, kama mzeituni wa mwitu. Moshi huua vijidudu, hukawiza kuchacha, na huyapa maziwa ladha wanayoipenda wateja.

Mtungi wa mafuta ya kupikia ulipoingia, ulipendwa kwa kuwa ni rahisi, hauvunjiki, na hufungwa vizuri ndani ya basi. Lakini haukuumbwa kwa maziwa. Mafuta ya maziwa hushikamana na plastiki. Mikwaruzo ya ndani huficha mabaki. Mkono haupiti shingoni. Na moto wa kufukizia huweza kuukunja. Maziwa mazuri ya asubuhi yakitiwa ndani ya mtungi wenye mabaki ya jana, hufika Nairobi yamekwisha kuanza kuharibika, na safari nzima ni hasara. Ndiyo maana wataalamu wa maziwa hushauri mikebe ya alumini yenye mdomo mpana, ambayo huoshwa kwa mkono mpaka kwenye kitako na kusuuzwa kwa maji yanayochemka. Bei yake ni kubwa, na mikebe mitupu huchukua nafasi wakati wa kurudi. Basi si ajabu kwamba mtungi wa plastiki haujaondoka. Mzazi anunuaye maziwa nyumbani ajifunze kutoka hapo: chombo cha maziwa kiwe cha mdomo mpana, na kiwe cha maziwa tu.

Chupa ya Soda Yenye Mafuta ya Taa

Jambo la hatari kupita yote ni dogo kwa umbo. Mtu atumwaye kununua mafuta ya taa ya shilingi chache huchukua chupa ya soda. Mafuta hutiwa humo, chupa hurudi nyumbani, na huwekwa chini karibu na jiko. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa yenye umbo lile ilikuwa na soda siku ya sikukuu. Watoto wengi wamefikishwa hospitali kwa njia hii katika Afrika ya Mashariki, na baadhi yao hawakurudi.

Mafuta ya taa ni mepesi mno, na huteleza kutoka kooni na kuingia mapafuni. Hapo ndipo yanapoua, kuliko tumboni. Kwa hiyo ni kosa kubwa kumtapisha mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, maana yakipanda tena hupita mara ya pili penye njia ya pumzi. Asitiwe kidole kooni, wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu kama wafanyavyo wengi. Avuliwe nguo zilizolowa mafuta, aoshwe ngozi, na apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari aione. Hata kama anaonekana mzima, akikohoa au kuhema mbio ni dalili ya hatari.

Dawa ya kufulia, asidi ya kuoshea choo, na dawa ya panya nazo zisitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji au mkebe wa chakula. Zibaki katika vyombo vyake zenye maandishi yake, juu asikofika mtoto. Na kinyume chake pia: chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu hakisafishiki kikawa cha chakula, hata kikioshwa mara kumi, kwa sababu sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe. Kitobolewe kisitumike tena. Ndoo ya rangi ni nzuri kwa kufulia na kupigia deki. Isiwe ya maji ya kunywa. Anayenunua mtungi uliokwisha kutumika sokoni na aufungue aunuse, na akisikia harufu asiyoijua auache hapo hapo.

Roshani na Kapu la Sokoni

Yaliyobaki ni mepesi. Nyumba za Eastleigh ni za ghorofa, na wengi hawana kiwanja hata cha kupandia kitunguu. Lakini mtungi uliopasuka, ukikatwa ubavuni na kutobolewa matundu chini, hubeba udongo na samadi ya kutosha miche mitatu minne ya sukuma wiki. Mkebe wa kilo 2 watosha dania. Mwaka 2020 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni, na wakati huo huo wa korona watu wengi walijifunza kutundika mtungi wa lita 5 kwenye mti, wenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, ili maji yatiririke mkononi pasipo kushika mfereji. Watanzania wakauita kibuyu chirizi. Maji ya kuoshea mchele hunywesha mboga hizo bila gharama.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa katika Kenya, na mkosaji aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kufungwa mwaka 1 hadi 4. Kwa hiyo mikebe yenye mifuniko imepata kazi mpya. Maziwa ya mashine hununuliwa kwa chombo cha mteja, na mafuta ya kupikia ya kupima vilevile. Mzazi mwenye haraka na aweke vyombo viwili vitatu safi ndani ya kapu karibu na mlango. Asipofanya hivyo atavisahau kila siku, kama wasahauvyo wote. Chupa nyembamba ya maji ya kununua isitiwe uji wa moto wala chai, kwani haikufanywa kwa joto.

Wapo pia wanaozidisha. Chombo kisicho na kazi ni mzigo: nyuma ya mrundiko wa mikebe hukaa mende, na katika kopo moja lililoachwa nje mvua hutia maji, na maji hayo hulea mbu. Mbu wa homa ya dengi na chikungunya, magonjwa yaliyousumbua mji wa Mombasa miaka ya 2013 na 2018, hupenda hasa vyombo vya namna hiyo. Wala plastiki isitumiwe kuwashia jiko la makaa, maana moshi wake ni sumu, na wenye kuuvuta kwanza ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni.

Cha bati chaweza kwenda Kamukunji, mwendo mfupi kutoka Eastleigh, ambako mafundi wa jua kali hugeuza mapipa na mikebe kuwa masanduku, majiko na koroboi. Mtungi wa plastiki uliokwisha kabisa hununuliwa kwa kilo. Muuzaji huutenga na kizibo chake, huuosha, na kuukanyaga uwe bapa ili wengi waingie guniani. Kisha husagwa vipande vidogo, huyeyushwa, na plastiki yake hutokea tena ikiwa ndoo, au nguzo ya ua wa shamba.