Boma la Mwata Kazembe

Atokaye Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, akaishika njia ya kusini, hufika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Makao hayo yalihamishwa mara nyingi; Livingstone aliyafikia mwaka 1867.

Mwaka 1890 Mwata Kanyembo Ntemena alifanya mkataba na Mwingereza Alfred Sharpe. Lakini Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ilipotaka kumtoza kodi na kusimika bendera, alikataa, na kikosi cha kwanza kikarudishwa nyuma. Mwaka 1899 likaja jeshi kutoka Nyasa. Mji ukateketezwa, Mwata akavuka mto Luapula.

Ndugu askari, tulitafakari jambo moja. Wengi walioshika bunduki siku ile hawakuwa Wazungu. Walikuwa Waafrika wenzetu, pamoja na Makalasinga wa Bara Hindi, wakitii amri kwa faida ya kampuni ya biashara.

Mwata alirejea, mji ukajengwa upya, na kila Julai ngoma ya Mutomboko huchezwa hapo. Boma liliungua, bali watu wake walibaki. Basi kabla ya kushika silaha, askari na ajue anamlinda nani.