Ngome Haina Kosa, Mbovu ni Linki

Swali limerudi tena, kwa maneno yale yale: "Mwalimu, tovuti nimemaliza, kwangu inafunguka vizuri kabisa. Nimemtumia mteja linki kwa WhatsApp, anasema haifunguki. Windows Firewall nimeshaizima, antivairasi nimeiondoa, bado. Nizime nini tena?" Chini yake kuna linki yenyewe: http://localhost/duka.

Usizime kitu. Washa vyote ulivyozima, kisha tuisome hiyo linki.

Localhost ni jina ambalo kila kompyuta na kila simu hujiitia yenyewe. Nyuma ya jina hilo kuna anwani 127.0.0.1, na hati ya kanuni za intaneti iitwayo RFC 1122, ya mwaka 1989, inakataza anwani yoyote inayoanza na 127 kuonekana nje ya mashine husika. Anwani za namna hiyo zimetengwa zaidi ya milioni 16, zote kwa kazi hiyo moja ya mashine kuzungumza na nafsi yake. Kwa hiyo mteja wako aliyeko Mwanza akibonyeza linki, simu yake inajiuliza: mimi nina seva kwenye poti 80? Haina. Inamwambia muunganisho umekataliwa, na habari inaishia hapo hapo kiganjani mwake. Ombi lake halikufika kwenye mnara, halikuigusa ruta yako, wala halikuiona hiyo ngome (firewall) unayoilaumu. Umemwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia "njoo hapa hapa", halafu unang'oa geti ukidhani ndilo lililomchelewesha.

Huamini? Mtumie linki hiyo rafiki mwenye XAMPP kama wewe kwenye laptopu yake, seva yake ya Apache ikiwa imewashwa. Ataambiwa kwamba ukurasa haupo, na anayemwambia ni Apache yake mwenyewe. Akifuta neno "duka" akabakiza localhost tupu, atakaribishwa na ukurasa wa XAMPP, nao pia wa kwake. Wewe na kazi yako hamkuhusika popote.

Sasa hii dawa ya kuzima ngome ilitoka wapi, mpaka kila kijana anayo mdomoni? Ilitoka kwenye tatizo jingine kabisa. Mara ya kwanza unapowasha Apache, Windows huuliza kama programu hiyo iruhusiwe kupokea mawasiliano kutoka kwenye mtandao. Wengi hufunga kidirisha bila kusoma, na Windows hulihesabu hilo kuwa katazo na kuandika sheria ya kuizuia Apache. Wengine hukubali, lakini kwa mitandao ya faragha tu, ilhali waifai yao imeandikishwa kama mtandao wa umma. Baadaye mtu anajaribu kuifungua tovuti kwa simu iliyo kwenye waifai ile ile, anakwama, anazima ngome nzima, inafunguka. Furaha! Anarekodi video, anaipandisha YouTube. Hasemi kwamba simu ilikuwa mezani kwake, kwamba anwani aliyoandika haikuwa localhost, na kwamba alichohitaji ni kuiruhusu programu moja tu kwenye orodha ya ngome, kazi ya dakika mbili. Watazamaji wanaondoka na sehemu ya mwisho: zima.

Na wanazima kweli, hosteli, mgahawani, popote. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani bila mtu kulazimika kubonyeza chochote. Iliingia kwa poti 445, ile ya kushirikiana mafaili ya Windows, kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka ambacho Microsoft ilikuwa imekitoa Machi ya mwaka huo huo. Kwenye waifai ya watu wengi, ngome ndiyo inayowazuia majirani kubisha poti kama hiyo. Wewe umeiondoa ili kumsaidia mtu wa Mwanza ambaye ombi lake halijatoka hata kwenye simu yake.

Dozi ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. XAMPP huja na mtumiaji wa hifadhidata aitwaye root, asiye na nywila. Jambo hilo linavumilika kwa sababu phpMyAdmin imefungwa isifunguliwe ila kutoka kwenye mashine yenyewe. Wataalamu wa video watakufundisha kufungua faili la httpd-xampp.conf, kufuta "Require local" na kuandika "Require all granted". Ukifanya hivyo huku ngome imelala, kila aliye kwenye waifai hiyo anaweza kusoma, kubadili na kufuta hifadhidata zako. Mteja bado haoni tovuti, ila jirani wa chumba cha pili anaiona hadi ndani.

Kuna waliopiga hatua moja zaidi. Wanaandika ipconfig, wanapata 192.168.1.7 au mfano wake, na kuituma hiyo. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani, na nyumba zisizohesabika zinazo kama hiyo. Nje ya waifai yako haina maana. Wengine wanaingia kwenye ruta kufungua poti. Kabla hujajichosha, linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta na ile ambayo tovuti za kuangalia IP zinakuonyesha. Zikitofautiana, kama inavyotokea mara nyingi kwa intaneti ya laini za simu, basi anwani ya umma mnagawana wateja wengi na mlango wa kufungua hauko kwenye ruta yako.

Zilizobaki ni njia zinazofanya kazi. Mteja akiwa ofisi moja nawe, muunganishe kwenye waifai yako, iruhusu Apache kwenye ngome, mpe http://192.168.1.7/duka, yaani anwani yako ya ipconfig badala ya neno localhost. Akiwa mbali na unataka aone leo, tumia handaki: ngrok (jisajili kwanza, kisha andika ngrok http 80) au cloudflared tunnel --url http://localhost:80. Utapewa linki ya https ya muda. Ongeza /duka mwishoni na umtumie hiyo. Kazi ikiwa ya kudumu, lipia hosti badala ya kuigeuza kompyuta yako kuwa seva. Ndiyo, seva ya kwanza ya wavuti, ya Tim Berners-Lee pale CERN, ilikuwa kompyuta ya mezani ya NeXT iliyobandikwa karatasi ya kuonya isizimwe, lakini yeye hakuwa akitegemea umeme wa LUKU. Na waliotengeneza XAMPP wenyewe wanasema ni ya kujaribia, si ya kuhudumia umma.

Wa WordPress wana jambo lao la ziada. WordPress huhifadhi anwani ya tovuti ndani ya hifadhidata, kwa hiyo hata ukipita kwenye handaki itamrudisha mteja localhost, yaani kwenye simu yake. Weka linki ya handaki, pamoja na /duka, kwenye WP_HOME na WP_SITEURL ndani ya wp-config.php. Ikianza kuzunguka bila kufunguka, ni kwa sababu haijui kwamba mbele yake kuna https. Ongeza humo mistari ya kusoma HTTP_X_FORWARDED_PROTO. Mkimaliza kikao, funga handaki kwa Ctrl+C na ufute mistari hiyo yote, la sivyo kesho haitafunguka hata kwako.